Ukingo Uliohama

Kila Jumapili asubuhi Entin alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia bata, kumchotea mama yake maji ya kulowekea soya, na, baada ya mavuno, kupara kingo za jaruba lao la mpunga. Kazi mbili za kwanza alizifanya huku akiimba. Ya tatu aliifanya huku akinung'unika.

Zamani kupara kingo ilikuwa kazi ya baba yake, ambaye yeye na mdogo wake walimwita Abah. Lakini miaka miwili iliyopita Abah aliteleza kwenye ngazi za mawe akiwa na mzigo wa nyasi kichwani, goti likageuka, na tangu siku hiyo kuinama kukamshinda. Sasa alishinda barazani akisuka vyungio vya mianzi, na fimbo yake ikiwa karibu. Mashine ya kulimia waliikodi kwa jirani. Kingo zilimwangukia Entin, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, na sasa alikuwa na kumi na miwili.

Kupara ukingo si kazi ya ajabu. Mpunga ukishavunwa, nyasi huota ubavuni mwa ukingo na panya huchimba mashimo yao humo. Unachukua jembe, unapara ubavu kidogo tu, nyasi zinatoka. Kisha unachota tope bichi kwa mikono na kukandika pale pale ulipopara, mpaka ubavu ung'ae. Kupara ni nusu ya kazi. Kukandika ni nusu ya pili, nayo ndiyo inayovunja mgongo.

Entin aligundua njia yake mwenyewe. Alikata ubavu kwa kina, nyasi zikatoka na mizizi yake yote, halafu yale mabonge akayarusha juu ya ukingo, yakaangukia upande wa pili. Ukingo ulibaki mpana vile vile, mtu angeweza kupita na pikipiki akitaka. Nyasi hazikuota tena kwa miezi. Na hakukuwa na haja ya kukandika.

"Umemaliza tayari?" Abah alimwuliza kila mara alipomwona anarudi mapema. "Una mikono kweli wewe."

Entin alivimba kichwa. Nani asingevimba?

Jumapili moja alipofika kwenye kona ya kijito, aliukuta mmea wa hanjuang umesimama peke yake ndani ya maji, shubiri moja kutoka kwenye ukingo. Mmea ule, wenye majani mekundu, alikuwa ameukuta hapo tangu alipopata akili. Mmoja ulikuwa huku kwenye kijito na mwingine kule kwenye njia. Ule wa njiani pia alikuwa ameukuta vivyo hivyo msimu uliopita, akaung'oa na kuupanda juu ya ukingo, ukapendeza. Basi na huu akaung'oa, akaupanda juu ya ukingo, akaukanyagia udongo. Aliona amefanya jambo jema, maana mizizi ingeoza majini.

Upande wa pili wa ukingo, katika jaruba lake dogo, Mak Onih alikuwa anapanda miche. Mak Onih alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye kofia pana ya mianzi. Alikuwa ameinama akimpa Entin mgongo, akirudi nyuma hatua kwa hatua kufuata kamba yake. Mwanawe wa pekee, Yayat, alifanya kazi kiwandani katika mji wa Bekasi. Mak Onih alipofika kwenye ukingo alijinyoosha, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaihesabu mistari yake kwa kidole.

"Neng," alimwita Entin, kama wazee wa pale wanavyowaita wasichana. "Njoo uchukue hivi vitita viwili vya miche. Mkaongezee kwenye vyenu."

"Mbona vimebaki, Mak?"

"Na mimi najiuliza. Vitita ishirini na viwili, mistari ishirini na miwili. Ndivyo ninavyopanda tangu marehemu mume wangu yuko hai. Msimu uliopita kilibaki kimoja. Leo viwili." Alicheka kidogo, kicheko cha kujilazimisha. "Yayat anasema kichwa changu kimeanza kuvuja. Labda ni kweli, Neng. Wiki iliyopita nilisahau birika jikoni likaungua."

"Hata mama husahau birika, Mak."

"Mama yako hana miaka yangu."

Entin alipokea vile vitita, akamshukuru, akaenda zake. Njiani alikutana na rafiki yake Wiwin, aliyekuwa amekalia jiwe akila mihogo ya kukaanga.

"Vya Mak Onih hivyo?" Wiwin aliuliza. "Anagawa miche siku hizi? Kesho atapika wali asahau mchele."

Entin alicheka. Baadaye kicheko hicho kilimwuma kuliko mambo mengine yote.

Siku ya Jumatano kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kwamba wapimaji wa ardhi watafika baada ya siku kumi. Kila mwenye jaruba angepimiwa na kupewa hati yenye jina lake. Watu wote wakaitwa kwenye ukumbi wa kijiji, na Entin akaenda na Abah ili amsaidie kwenye ngazi.

Mkuu wa kijiji, Pak Hendar, alikuwa mtu mnene mwenye maneno yake. Alisimama mbele na kigingi cha mwanzi mkononi.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Kila mtu aweke vigingi kwenye mpaka wake, na jirani awepo akubali. Asiyekuwepo asije kulia ofisini kwangu. Na mpaka ni mpaka wa zamani, jamani. Msinionyeshe ukingo. Ukingo unatembea. Mtu anapara, hakandiki, anarusha udongo kwa mwenzake. Miaka michache tu, amekwisha kumla jirani mistari miwili mitatu bila kutafuna. Fuateni hanjuang. Babu zetu waliipanda kwa sababu hiyo."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akamtania mwenzake, "Ndiyo maana wewe unanenepa." Entin hakucheka. Alivikumbuka vile vitita viwili vya miche vilivyobaki. Mistari miwili.

Walipokuwa wanatoka, Mak Onih aliwafuata.

"Pak Wirya," alimwambia Abah, "siku hiyo Yayat atakuja. Tukishapimiwa naondoka naye, nakwenda Bekasi. Jaruba ataliuza."

Abah alisimama. "Mak Onih, wewe na Bekasi wapi na wapi? Utapanda nini huko, lami?"

"Nimekubali. Mtu asiyejua hata kuhesabu mistari yake atalimaje? Leo nimekosea miche. Kesho nitapotea njia ya nyumbani, mnitafute kwa tochi." Alimshika Entin begani. "Utakuwa unanifagilia kaburi la mume wangu, eh, Neng?"

Entin aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake baada ya shule alikwenda peke yake kwenye kona ya kijito. Alivua ndala, akaingia majini, akapapasa kwa vidole vya miguu mpaka akalipata shimo alimong'oa hanjuang. Tope lake lilikuwa bado laini. Kutoka hapo mpaka mahali alipoipanda tena, alipima kwa kiganja: shubiri mbili na vidole vitatu. Alipima mara tatu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Alimweleza Wiwin kila kitu. Wiwin alisikiliza huku akichora chini kwa kijiti.

"Shubiri mbili tu?" Wiwin alisema mwishowe. "Hata mbuzi hawezi kulala hapo. Na yeye anaondoka. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi wewe usijiambie."

Siku nyingine wangelicheka jambo hilo kutwa nzima. Sasa Entin alitazama pembeni tu.

Siku zilizofuata alijaribu kumwambia Abah, lakini kila alipomwendea alimkuta na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu goti lilipogeuka. Abah alichonga vigingi vya mianzi, akavipaka rangi nyekundu, akavipanga barazani vikauke. "Babu yako aliuza nyati wawili kupata jaruba hili," alimwambia. "Hakuwahi kushika karatasi yake. Sasa jina letu litaandikwa." Entin akameza maneno yake. Usiku aliacha chakula sahanini. Mama yake alimwekea mkono shingoni, akasema hana homa, akampa maji ya tangawizi hata hivyo.

Siku ya kupima ilifika. Ilikuwa asubuhi tulivu, maji ya majaruba yakiwa yametulia na korongo wawili weupe wakitembea ndani yake bila haraka. Jaruba la kina Entin lilikuwa bado halijapandwa, kwa kuwa mashine ya kulimia ilichelewa. La Mak Onih lilikuwa kijani. Walikuja wapimaji wawili, kijana mwenye chombo cha miguu mitatu na dada mwenye kilemba cha bluu aliyeshika fomu. Pak Hendar alikuwepo. Yayat alikuwepo pia, na viatu vyake vya mjini. Nyuma yake kando ya njia kulikuwa na mabegi mawili matupu ya kupakia vitu vya mama yake.

Abah alichechemea mpaka kwenye hanjuang ya kijito, akagonga kigingi chekundu kando yake.

"Hapa," alisema. "Na kingine kule njiani kwenye hanjuang ya pili. Mak Onih, tunakubaliana?"

Mak Onih aliutazama ule mmea kwa muda.

"Kama hanjuang iko pale, basi mpaka uko pale," alisema. "Mimi nilidhani ulikuwa... Basi. Macho yangu hayafai tena kuulizwa."

"Mama, weka dole gumba tu," Yayat alisema kwa upole. "Twende, jua litakuwa kali."

Yule dada akafungua kidau cha wino. Mak Onih akanyoosha mkono wake mwembamba kuelekea kwenye wino.

"Si pale," alisema Entin.

Sauti yake ilitoka ndogo, na hakuna aliyemsikia isipokuwa Abah, aliyegeuka.

"Mpaka si pale," alirudia, sasa kwa nguvu zaidi. "Hanjuang niliihamisha mimi. Zote mbili. Misimu minne napara bila kukandika. Nilikuwa narusha udongo kwa Mak Onih kwa sababu nilichoka kuinama. Ukingo ukahama, hanjuang ikabaki kwenye maji, nikaihamisha. Sikujua kwamba ndiyo mpaka. Lakini tangu mkutano wa ukumbini nimejua, na nilinyamaza."

Yule dada akafunga kidau cha wino. Kijana wa chombo alitazama viatu vyake.

Abah hakumkaripia, na Entin angependa amkaripie. Uso wa baba yake ulikuwa umebadilika rangi. Alimtazama binti yake, akatazama kigingi, kisha akakaa chini kwenye ukingo, akavua ndala zake, akampa Yayat fimbo.

"Abah, goti," Entin alisema.

"Nishike mkono."

Aliingia majini taratibu, meno yakiwa yameumana kwa maumivu. Alianza kusukuma unyayo ndani ya tope, hatua ndogo ndogo, kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Karibu na ukingo alisimama.

"Hapa tope halifiki hata kwenye kifundo," alisema. "Chini ni kugumu kama sakafu. Mashine haijawahi kupita hapa. Ukingo wa baba yangu ulikaa hapa miaka arobaini, na ardhi iliyobeba ukingo haisahau upesi." Alisogea kidogo, mguu ukazama mpaka nusu ya muundi. "Na hapa ndipo jaruba langu linapoishia. Yayat, ingia na wewe uonje. Usije ukasema mzee Wirya amekudanganya kwa miguu yake."

Yayat alivua viatu vya mjini, akakunja suruali, akaingia. Alikuwa amekulia mle, na miguu yake ilikumbuka. Alipapasa kutoka kona ya kijito kuelekea njiani, hatua baada ya hatua, na kila alipohisi ugumu unakwisha, Entin alichomeka kijiti. Vijiti vilijipanga mstari mmoja ulionyooka. Yule dada wa fomu akavuta futi yake kutoka kwenye vijiti mpaka kwenye hanjuang.

"Sentimita hamsini," alisema. "Huku na huku."

"Mistari miwili," alisema Mak Onih.

Alisema polepole, kama anayejisomea. Kisha akarudia, "Mistari miwili. Ishirini na miwili toa miwili." Aliketi pale pale kwenye ukingo, akavua kofia yake ya mianzi na kujifunika nayo uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa analia, na hakuna aliyejua amguse au amwache.

"Mama," Yayat alisema, akiwa bado majini.

"Nilihesabu sawa, Yayat," ilisema sauti chini ya kofia. "Kichwa changu hakivuji. Nilihesabu sawa wakati wote." Aliishusha kofia, akajipangusa. "Chukua mabegi yako urudi nayo Bekasi. Mimi nina mpunga wa kupalilia."

Yayat alitaka kubisha, lakini alipomwona mama yake amesimama wima akilipima jaruba kwa macho, aliishia kutabasamu. "Haya, mama," alisema. "Nitawaambia watoto bibi yao amekataa lami."

Entin alimwendea Mak Onih, akainama na kumbusu mkono kama adabu ya pale inavyotaka. "Nisamehe, Mak."

Mak Onih aliushika mkono wa Entin. "Neng, shubiri mbili za tope ningeishi bila hizo," alisema. "Lakini misimu miwili nimekuwa najiogopa mwenyewe. Nilikuwa nahesabu vijiko kabla ya kulala. Imani yangu kwa kichwa changu ndiyo uliyokuwa umeichukua." Akamwinua kidevu. "Na leo umeirudisha. Nimekusamehe. Lakini ile miche yangu nitaihitaji, kama bata wenu hawajaila."

Bata hawakuwa wameila. Wapimaji walipiga vipimo vyao, vigingi vikasimama kwenye mstari wa zamani, na Mak Onih akabonyeza dole gumba kwenye fomu kwa nguvu mpaka wino ukavuka kisanduku.

Alasiri Entin alirudi na jembe kuujenga ukingo mahali pake. Abah alikuja naye, akaketi pembeni na goti lake lililovimba, akimwelekeza. Kwa mara ya kwanza katika misimu minne Entin alichota tope kwa mikono miwili na kukandika ubavu mzima, kiganja kwa kiganja. Mgongo ulimwuma, naye hakulalamika.

"Abah, umenikasirikia?"

Abah alilinyoosha lile goti. "Asubuhi nilikasirika. Sasa nina aibu. Nisikilize, Entin. Misimu yote minne ulichofanya kilikuwa uvivu. Mtoto akichoka hutafuta njia ya mkato, na hilo husahihishwa kwa jembe. Lakini leo, Mak Onih alipopeleka kidole chake kwenye wino, ungenyamaza, uvivu ungegeuka wizi pale pale. Hakuna jembe la kuusahihisha huo."

Entin aliendelea kukandika. Jambo moja lilikuwa linamkera, akaona bora aliulize.

"Abah ulikuwa unakaa barazani kila siku. Hukuona ukingo unahama?"

Abah alitazama vidole vyake vilivyochubuka kwa kusuka mianzi.

"Msimu uliopita niliona," alisema. "Niliona mpunga wetu umezidi kidogo, nikaona ukingo si ule wa baba. Nikajiambia ni macho tu. Nikamshukuru Mungu kwa nyongeza, sikuuliza imetoka kwa nani. Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilichagua kutojua, na hiyo ni mbaya zaidi kwa mtu mzima."

Aliitafuta fimbo yake, akajiinua kwa taabu. Entin aliacha tope, akataka kumshika.

"Unakwenda wapi, Abah?"

"Kwa Mak Onih, nikamwambie hayo niliyokwambia. Wewe umesema mbele ya watu wote, mimi siwezi kushindwa kusema mbele ya mmoja." Alianza kuchechemea juu ya ukingo uliokuwa bado mbichi, kisha akageuka. "Endelea kukandika upande wako. Na mimi naenda kukandika wangu."